Mkia wa Neno

Nilipokuwa kijana wa seminari, miaka ya 1960, tulikariri viambishi tamati vya Kilatini kama watoto wakaririvyo majedwali ya kuzidisha. Ukiona -tor, huyo ni mtenda: cantor ni mwimbaji, victor ni mshindi. Ukiona -tas, hiyo ni hali: liber ni mtu huru, libertas ni uhuru wenyewe. Sisi Waswahili tunalivika neno kofia, m- au u-. Mrumi alilifunga mkia.

Mikia hiyo ni mikongwe kuliko Roma. Mtoaji kwa Kilatini ni dator, kwa Kigiriki doter, kwa Kisanskriti datar. Lugha hizo zimerithi kwa bibi mmoja. Nao mkia -mentum ni -men iliyorefushwa. Mimi, kwa ualimu wangu, napenda zaidi documentum. Limetoka katika docere, kufundisha, na kwa Warumi wa kale halikuwa karatasi ya ofisini bali fundisho, mfano wa kumwonya mtu.

Documentum yangu niliipata kwa kuchelewa. Mwaka 1978, nikiwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja aliandika katika insha yake neno "unamna". Alitaka kusema ile hali ya kitu kuwa cha namna fulani. Nikalipiga mstari mwekundu, nikaandika pembeni: Hakuna neno kama hili. Tena nikalisoma mbele ya darasa, wakacheka. Tangu siku ile insha zake zilikuwa fupi, hazina kosa, wala hazina jambo jipya.

Nilipostaafu ukuu wa chuo nikapata wasaa wa kumsoma Cicero. Katika Academica, kitabu cha mwaka 45 kabla ya Kristo, mhusika wake Varro anaomba kwanza ruhusa ya kutumia maneno yasiyozoeleka. Kisha linatokea qualitas. Sasa, msomaji wangu, qualis maana yake ni "wa namna gani". Libandike -tas, utapata nini kama si unamna? Cicero alimfuata Plato, aliyetumia poiotes, neno lililoundwa vivyo hivyo, naye akakiri kwamba huenda likaonekana geni. Leo Waingereza, Wafaransa na Wahispania hulitumia neno lile la Kilatini kila siku, bila kumwomba mtu radhi.

Nilikifunga kitabu nikakaa kimya. Nilikuwa nimekumbuka kwamba yule mwanachuo aliliweka neno lake ndani ya alama za mtajo.