Kikorea kilinirudisha kwa Mama

Wengi hapa mnanijua kama "ule wa Kikorea". Leo nawaeleza vile ilianza.

Tunakaa Nsambya. Tulipofika kutoka Bukavu sikuwa na shule wala kazi. Asubuhi Mama anabeba vitenge kichwani anaenda kuzungusha, mimi nabaki na simu ya kioo kilichopasuka, naangalia tamthilia za Korea. Nikaanza kunakili herufi zao kwenye daftari.

Mama aliponiona akauliza: "Iyo luga utasemaka na nani? Kiganda tu bado haujue!"

Sikumjibu. Ukweli ni huu: kila lugha nyingine ninayojua, kuna mtu alishanifukuza nayo. Kikorea hapana.

Herufi zao ni 24 tu. Ya "m" ni kisanduku kidogo, mfano wa mdomo. Baada ya wiki mbili nilikuwa nasoma, hata kama maana siipati. Sarufi ndiyo kazi: kitenzi kinakaa mwisho, ni kama kusema "mimi chai nakunywa".

Halafu nikasoma historia yake. Zamani Wakorea waliandika kwa herufi za Kichina, ambazo ni maelfu, na mtu wa kawaida hakuwa na muda wa kuzijifunza. Mfalme Sejong akatengeneza herufi mpya mwaka 1443, akazitangaza 1446, ili watu wadogo nao waweze kuandika mambo yao.

Hapo nilifunga daftari. Mama yangu hajui kusoma. Kila ofisi tunayoenda anapaka kidole wino, anagandamiza kwenye karatasi, kisha anajifuta kwenye kitenge bila kumwangalia mtu. Mimi najua "m" ya Seoul, na Mama, kwake "m" ni ukuta.

Usiku ule nikamwambia, "Mama, kuja tuanze." Akacheka, akasema yeye ni mzee. Nikatumia njia ileile niliyojifunzia Kikorea: herufi tano kwa siku, kila moja na picha yake. Siku nyingine alisinzia na kalamu mkononi. Siku nyingine alikasirika, akasema miguu inamuuma, nimwache.

Ilichukua miezi minne. Mwezi uliopita, kwenye ofisi moja, walimsogezea wino kama kawaida. Mama akasema, "Nipe bic." Aliandika polepole, herufi ya mwisho ikatoka nje ya mstari. Watu nyuma yetu walianza kunung'unika. Hakuharakisha.

Ndugu zangu mnaofanya kazi kwenye mashirika, naomba kitu kimoja: kabla ya kusogeza wino, muulize mtu kama anataka kuandika mwenyewe. Na mpe dakika zake.

Kwenu vijana wenzangu: jifunzeni lugha yoyote mnayoipenda, msiogope kuchekwa. Ila ukishajua namna ya kujifunza, angalia ndani ya nyumba, nani anakungoja.

Kikorea bado naendelea. Mama sasa ndiye anayeuliza, "Leo umejifunza nini?"