Kungojana Ufukoni

Miongoni mwa kauli zote za kitenzi, kauli ya kutendana ndiyo isiyoweza kutimizwa na mtu mmoja. Kiambishi -an- hudai watendaji wawili, na kila mmoja wao huwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Kanuni hiyo tuliifahamu tangu shuleni. Maana yake tulikuja kuionja kwenye mwalo wa Ggaba, kusini mwa Kampala, sisi mke na mume tulipojifunza kuvua samaki wa Ziwa Viktoria kwa ndoana.

Kabla ya hapo, mazungumzo yetu ya nyumbani yalikuwa yamejaa vitenzi vya kuamrisha: lipa karo, lipia umeme, wahi kabla ya foleni ya magari. Tuliishi pamoja, lakini tulikuwa tumeacha kusikilizana.

Mzee mmoja mvuvi alitukabidhi ufito, mshipi, ndoana na chambo cha nyungunyungu, kisha akatuonya: “Ssebo, nnyabo, msivute kwa kuwa mmechoka kungoja. Vuteni mshipi unapowaita.” Baina yetu wawili hapakuwa na mjuzi. Mmoja alipotia chambo, mwingine alishika ufito; mkono ulipochoka, tulipokezana. Tulifundishana kuyasoma maji: viwimbi vya upepo huja kwa safu, ilhali mguso wa samaki ni mdogo na wa ghafla. Sangara, ambaye Waganda humwita mputa, hatukumtarajia pale ukingoni. Tuliyemngoja ni ngege, ndiye sato, anayeonja chambo kwanza kabla ya kukimeza.

Saa nzima ilipita pasipo neno wala samaki, na kimya kile kikatutuliza. Tulipoanza kusema tena, tulijikuta tukiulizana mambo ambayo hatukuwa tumeulizana kwa miaka. Ngege wetu wa kwanza hakuzidi upana wa kiganja, tukamrudisha majini. Jumamosi iliyofuata tulirejea.

Mwalimu mtarajiwa atakapofikia kauli ya kutendana, bila shaka ataandika ubaoni penda–pendana na piga–pigana. Mifano hiyo ni sahihi. Tungemwomba aongeze ngoja–ngojana, kisha awaulize wanafunzi wake: nyumbani kwenu, ni nani humngoja nani, na ni wepi hungojana? Watakaojibu swali hilo watakuwa wameielewa kauli hiyo.