Wanga, Singa na Karanga

Alhamisi, 6 Juni 2024, Morogoro
Utando wa wanga wa mhogo umebanduka kwenye kioo bila kuchanika. Nikiulaza juu ya daftari, nasoma mwandiko wangu. Hakuna uchawi: wanga, maji, gliserini, moto, karibu na nyuzijoto 70 uji unakuwa mzito kama ule wa kutia kanzu kabla ya pasi. Gliserini ikipungua utando unavunjika, ikizidi unanata vidoleni.

Kinachonisumbua si hicho. Mvua zikikatika, mhogo ndio unaobaki shambani. Kifungashio kinachogombania sufuria na watoto sikitaki, hata kikioza vizuri namna gani. Maganda, sawa. Makapi, sawa.

Jumatano, 12 Juni
Nimerudi kutoka Tanga, kelele za korona, mashine ya kuchakata mkonge, bado zinavuma masikioni. Jani la mkonge linaingia zima, inatoka singa, yaani nyuzi zake, takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Kilichobaki ni maji na makapi ya kijani yanayoteremka mferejini. Mjerumani Hindorf alileta miche ya mkonge mwaka 1893, na mpaka leo tunasifu singa huku tukimwaga jani. Kwenye shamba la Hale angalau walijenga mtambo wa kuchachusha makapi ili yatoe gesi ya kuzalisha umeme. Mimi nazitaka nyuzi fupi zinazopotea humo: selulosi ikichanganywa na wanga, utando unakaza na haunywi maji kwa pupa. Nimebeba gunia moja. Kondakta alilalamikia harufu mpaka Chalinze.

Jumamosi, 22 Juni, sokoni
Nimempelekea mama muuza nyanya mfuko wa utando wangu wenye singa. Akatia nyanya zilizotoka kuoshwa, akaushika kwa chini, akacheka. "Mwanangu, huu utanifikisha nyumbani au utaniaibisha njiani?" Ukalegea kabla sijajibu.

Nyuma yake imening'inia mifuko mbadala, ile iliyoenea baada ya katazo la mifuko ya plastiki la 1 Juni 2019. Wateja huiita ya kitambaa. Mingi ni polipropilini, plastiki iliyobadili mavazi. Lakini haimwagi nyanya, na mama ana haki yake. Maji yaleyale yanayouozesha utando wangu udongoni ndiyo yanayouangusha mezani pake. Singa inachelewesha tu.

Jumatatu, 24 Juni
Nyanya naziachia tenga. Nageukia karanga za kukaanga. Adui wake ni oksijeni, inayoharibu mafuta mpaka zinanuka, na utando wa wanga ukiwa mkavu huizuia vizuri kuliko polithini. Mafuta nayo hayapenyi. Ila lazima uwe mkavu, na Dar es Salaam haina ukavu huo. Basi jaribio litafanyika kwenye unyevu wa asilimia 80, si hapa maabara kwenye kiyoyozi ambako kila kitu hufaulu. Msimamizi anataka kwanza makala kuhusu uimara wa utando ukivutwa. Ataipata baadaye, karanga nimeshanunua.