Nilivyotengeneza AC ya Canter ya mzee kwenye kipupwe

Najua nimepotea, msinilaumu. Mlimani nimeondoka tangu tulipomaliza mitihani, sasa niko nyumbani Bagamoyo kwa ajili ya TP. Nafundisha fizikia na hesabu kwenye sekondari moja ya hapa hapa, na jioni nasahihisha madaftari mpaka macho yanauma. Habari za TP zina siku yake. Leo nataka kuungama.

Mnaomfahamu mzee wangu mnaifahamu na Canter yake. Ni ya mwaka 1996, rangi haijulikani tena ni ya bluu au ya kijivu, lakini ndiyo iliyonisomesha. Anabeba mananasi Kiwangwa anapeleka Dar. Sasa kama hujawahi kupanda Canter, jua kwamba injini yake iko chini ya kiti, yaani dereva ameikalia. Desemba, nje nyuzi 32, mchana, foleni kuanzia Bunju, humo ndani ni tanuri la mkate. Na mzee ana presha. Daktari alishamwambia asikae kwenye joto kali muda mrefu. Mzee akamjibu, daktari, mananasi hayaivi kwenye baridi.

Basi mwaka jana mwezi wa saba nikiwa likizo nikaamua mimi ndiye nitakayefufua AC ya ile gari. Majirani walicheka sana. Kipupwe, kusi linavuma, watu asubuhi wamejifunga kanga na masweta, halafu mtoto wa kike kalala chini ya lori anatengeneza kiyoyozi! Lakini hapo nilikuwa na akili. Mwezi wa saba mzigo ni mdogo, gari inalala, mafundi hawana foleni. Ukisubiri Desemba umechelewa.

Akili ikaishia hapo hapo.

Ngoja nieleze kidogo, wale wa Arts msikimbie. AC haitengenezi baridi, inahamisha joto tu. Kompresa inazungushwa na mkanda wa injini, inabana gesi mpaka inakuwa ya moto. Gesi inaenda mbele kwenye kondensa, inapigwa na upepo, inapoa inakuwa kimiminika. Halafu inapita kwenye tundu dogo la valvu, presha inashuka ghafla, inachemka na kugeuka mvuke ndani ya evaporeta nyuma ya dashibodi. Ili ichemke inahitaji joto, na joto hilo inalinyonya kwenye hewa inayompuliza dereva. Ni kama spiriti ya nesi inavyopoza ngozi kabla ya sindano. Ndiyo hivyo tu.

Tatizo la Canter yetu: kompresa ilikuwa haishiki kabisa. Nikafuata waya mpaka kwenye swichi ya presha. Nikachomoa plagi, nikaunganisha nyaya mbili kwa kipande cha waya, tak! kompresa ikashika. Niliruka kwa furaha. Nikanunua vikopo vya gesi ya R134a Kariakoo, nikaazima geji, nikaanza kujaza asubuhi na mapema. Geji ikawa inasoma chini. Nikaongeza. Bado chini. Nikaongeza tena mpaka ifike pale nilipoona kwenye video moja ya mtu aliyetengenezea gari yake jangwani. Hewa ikatoka ya baridi. Mzee akaweka mkono pale, akatabasamu, akasema, "Mama, sasa mimi ni bosi." Siku nzima akawa anawaita watu waje waweke mikono.

Kile kipande cha waya nikakiacha pale pale.

Desemba, karibu na Mapinga, saa nane mchana, akiwa na mzigo, mpira wa AC ukapasuka. Mzee anasema alidhani ni tairi. Moshi mweupe, kishindo, akakwepea pembeni, nusura aingie mtaroni. Utingo akaruka. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini mpira uliporuka ulikata na mkanda, wakakaa juani mpaka jioni wakisubiri fundi. Mananasi ya chini yakaanza kutoa maji. Mzee alirudi usiku amejishika kichwa, wiki nzima hakuendesha. Mimi nilikuwa chuo. Nilipopiga simu akaniambia, "Gari imezeeka, mama, kama mimi." Na mimi nikasema pole baba. Nikanyamaza miezi saba.

Kwa sababu nilishaanza kuhisi. Nilisoma baadaye nikagundua ile swichi kazi zake ni mbili. Gesi ikiwa chache mno inakata kompresa isife, na gesi ikizidi mno inakata pia ili kitu kisipasuke. Mlinzi alikuwa ananiambia gesi imevuja, mimi nikamfunga mdomo kwa waya. Ila nikawa najitetea moyoni, lakini si nilipima kwa geji?

Utetezi huo ulikufa wiki iliyopita, mbele ya wanafunzi wa Form Three. Nilikuwa nafundisha mvuke. Nikawaambia kwamba mvuke ukikaa juu ya kimiminika chake ndani ya chombo kilichofungwa, presha yake inaamuliwa na joto, siyo wingi. Nikatoa mfano wa R134a, maana naijua. Injini ikiwa imezimwa, kwenye nyuzi 20 geji itasoma kama psi 68. Kwenye nyuzi 30, gesi ile ile, bila kuongeza hata tone, itasoma kama 97. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, "Mwalimu, sasa mtu anajuaje gesi imebaki kiasi gani?"

Nikamwambia kama mama yako anavyojua mtungi wa jikoni. Anaunyanyua. Ni uzito.

Nikasimama na chaki mkononi. Yaani nilikuwa nimejijibu mwenyewe. Ile asubuhi ya kipupwe presha ilikuwa chini kwa sababu ya baridi, nami nikaendelea kumimina kana kwamba ni Desemba. Desemba ya kweli ilipofika, gesi haikuwa na pa kwenda. Darasa likadhani nimesahau somo.

Jioni nilimkuta mzee barazani. Shikamoo baba, marahaba. Nikamweleza yote, waya, geji, vikopo. Alinyamaza mpaka adhana ya isha ikaisha. Mimi nalia. Halafu akauliza, "Ule waya bado upo?" Nikasema upo. Akasema, "Kautoe sasa hivi." Nikaenda na tochi nikautoa. Nikamletea mkononi, akautazama, akautia mfukoni. Asubuhi akasema, "Kamlete fundi. Na wewe usimame hapo uangalie."

Jumamosi tukafanya hivi, na ninyi mlio na magari ya wazee sikilizeni. Vya kufanya mwenyewe nilivifanya. Nilikaza mkanda mpya. Niliosha kondensa kwa maji ya taratibu, ilikuwa imeziba vumbi na manyoya ya kuku, na mapezi yaliyolala nikayanyoosha. Swichi nikairudishia plagi yake. Vya gesi nikamwachia fundi mwenye vifaa. Alifunga mpira mpya na draya mpya, maana mfumo ukishafunguka draya inanyonya unyevu wa hewa. Akajaza naitrojeni, tukapaka povu la sabuni kwenye maungio, na vipovu vikatokea pembeni mwa kondensa. Chumvi! Miaka yote gari inalala imetazama bahari, kusi linaleta chumvi, alumini inaliwa. Kondensa ya mtumba ikapatikana Gerezani. Akavuta hewa yote kwa pampu karibu saa nzima, ndipo akaweka gesi. Kwa mizani, jamani. Kwa gramu!

Vikopo msichezee. Hii gesi inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ikikurukia jichoni au mkononi inaunguza kwa baridi. Na usiiachie hewani hovyo. Haitobói ozoni kama ile R12 ya zamani iliyobanwa na Mkataba wa Montreal wa 1987, lakini kilo moja yake inapasha dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo ya hewa ya ukaa. Ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali kukubaliana kuzipunguza gesi za aina hii.

Sasa Canter inalala nyuma ya nyumba, imeipa bahari mgongo. Kila Ijumaa mzee anawasha AC dakika kumi, hata kwenye baridi hii, ili mafuta yazunguke na sili zisikauke. Kama inapoza sawasawa sitajua leo. Kipupwe hakitoi jibu, nitajua Desemba.

Jana alinirushia funguo, akasema twende Kiwangwa. Nilipofungua kijisanduku cha dashibodi kutafuta tochi nilikiona kile kipande cha waya, amekifunga kwenye kadi ya gari. Sikumuuliza.

Ni hayo tu kwa leo. Niombeeni, Jumatatu msimamizi anakuja kunikagua.