Asali ya Nyakanazi na Bizari ya Ngara



Wahenga walisema, kuishi kwingi ni kuona mengi. Nami naongeza kwamba safari ya siku chache huweza kumwonyesha mtu lile ambalo hakuliona kwa miaka mingi akiwa ameketi mlangoni kwake. Nilialikwa Ngara kuhudhuria khitma ya mama wa sahibu yangu wa zamani. Walimu wenzangu waliposikia kwamba nitapita Biharamulo, walinikabidhi fedha za madrasa wakaniambia, "Maalim, nchi ile ni nchi ya asali. Tuletee madumu mawili, tuwauzie wazazi kwa rejareja, na faida itununulie mikeka ya watoto." Nikaipokea amana ile kwa moyo mweupe.

Basi letu liliondoka Bukoba alfajiri, likapita Muleba, likashika njia ya kusini. Migomba ikapungua kidogo kidogo, mpaka ikatuachia miti ya miombo iliyosimama kimya pande zote mbili za barabara. Biharamulo ni mji wa makamo, na boma lililojengwa na Wajerumani lingali limesimama pale. Upande mmoja wake ni mapori makubwa. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa, yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Nje ya mipaka hiyo, vijijini, watu hutundika mizinga juu ya miti kama walivyofanya babu zao.

Mzee mmoja tuliyeketi naye kwenye kiti kimoja alikuwa mrina asali. Nikamwuliza, "Mzee wangu, asali njema hujulikanaje?" Akanijibu, "Shehe, asali njema ni ile ambayo nyuki mwenyewe ameridhika nayo." Maneno yake yana ilimu. Nyuki hutoa katika ua maji matamu ambayo sehemu yake kubwa ni maji tu. Huyapepea kwa mbawa zake ndani ya mzinga hata yakapungua na kuwa mazito, kisha hulifunika sega kwa nta. Asali iliyokomaa haifai kuzidi sehemu 20 za maji katika kila sehemu 100, kwani ikizidi hapo huchacha. Kwa hiyo mrina mwaminifu hungoja nyuki afunike, na mwenye haraka hurina kabla. Nikaikumbuka Surat an-Nahl, ambamo Mola wetu ametueleza kwamba katika kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki mna ponyo kwa watu.

Tulipofika Lusahunga niliteremka, nikatafuta gari la kwenda Nyakanazi, kwa kuwa niliambiwa kwamba asali nyingi huuzwa huko. Nyakanazi ni njia panda kubwa. Barabara itokayo Kigoma kwa njia ya Kibondo na Kakonko hukutana pale na ile itokayo Kahama, na malori yaendayo Rwanda na Burundi hupumzika. Wauzaji huyakimbilia mabasi wakiwa wameinua chupa zenye rangi ya dhahabu. Mmoja wao aliniita, "Shikamoo Maalim!" Nikatazama, nikamtambua. Alisoma kwangu tangu alifu, akahitimu Juzuu Amma, na sauti yake ilikuwa ikipendwa siku za maulidi. Sasa ni mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Nilifurahi kama baba aliyemwona mwanawe. Sikuonja wala sikuuliza. Nililipa fedha za madumu mawili, nikamwachia ayatunze hadi nitakaporejea, nikachukua galoni moja ya lita tano iwe zawadi ya mwenyeji wangu.

Nilirudi Lusahunga, nikapita Nyakahura, hata nikafika Benako, mahali palipojulikana ulimwengu mzima mwezi wa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walipovuka mto Kagera pale Rusumo kwa muda wa siku moja hivi wakikimbia mauaji ya Rwanda. Leo pana maduka na mashamba. Kutoka hapo barabara hupanda milima hadi Ngara, nchi ya Wahangaza na Washubi, yenye baridi tamu na vilima vilivyopandwa migomba, maharage na kahawa.

Nyumbani kwa sahibu yangu palikuwa na mjukuu aliyezaliwa karibuni, hata siku arobaini hazijatimia. Bibi wa nyumba alipoiona galoni yangu alishukuru, akaleta kijiko, akasema, "Mtoto aonjeshwe asali ya Maalim, apate baraka." Mama wa mtoto akasema kwa adabu, "Mama, muuguzi wa kliniki ametukataza. Asemaye hapewi asali mpaka apitishe mwaka." Wote wakanitazama mimi.

Nikasema kwamba muuguzi amesema kweli. Hata asali safi kabisa huweza kuwa na mbegu za kijidudu kilalacho katika udongo. Tumbo la mkubwa hukishinda, lakini tumbo la mtoto mchanga halijapata nguvu hiyo, na kijidudu kikiota humo hutoa sumu inayolegeza viungo hata pumzi. Na sunna ya tahniki iliyopokewa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, ilikuwa kwa tende. Kwa hiyo hapana sunna ivunjwayo kwa kumnyima mchanga asali.

Hapo mwenyeji wangu, ambaye alirina asali ujanani, alichukua kile kijiko akaonja yeye. Akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Maalim, sitaki kumsingizia mtu. Lakini ulimi wangu hausikii ua wala nta. Wasikia sukari iliyochemshwa." Usiku ule sikulala vema.

Asubuhi tulikwenda sokoni pamoja na bibi wa nyumba kununua viungo vya pilau ya khitma. Palikuwa na unga wa pilipili mwekundu sana na unga wa bizari wa manjano yenye kung'aa, ulioletwa kwa magunia kutoka mbali. Bibi hakuugusa. Alichagua manjano mazima yaliyokauka, pilipili manga nzima, iliki na mdalasini wa vijiti, akasema atatwanga mwenyewe kinuni. Nilidhani ni desturi ya kizamani tu, kumbe ni busara.

Kile kilichosagwa ni rahisi kukichanganya. Wengine hutia pumba, wengine unga wa mahindi, na hizo ni hasara za mfuko. Walio wabaya zaidi hutia rangi. Huko Bangladesh, tangu miaka ya 1980, baadhi ya wasafishaji wa manjano walipaka mizizi rangi yenye madini ya risasi ili ing'ae. Wataalamu walipopima manjano ya masokoni mwaka 2019, sampuli 47 katika kila 100 zilikuwa na risasi. Madini hayo hayana ladha wala harufu, nayo huingia katika damu ya mtoto na kuidumaza akili yake. Mwaka 2023 huko Marekani mamia ya watoto walikutwa na risasi mwilini kwa sababu ya mdalasini wa unga uliotiwa katika chakula chao cha matofaa. Na mwezi wa Februari 2005 Uingereza iliondoa madukani mamia ya aina za vyakula, kwa kuwa pilipili iliyotumika ilitiwa rangi ya viwandani iitwayo Sudan I, isiyoruhusiwa kuliwa.

Lakini tusidhani kwamba ubaya huu hauna dawa. Huko huko Bangladesh watu walionywa, na wafanyabiashara waliokamatwa wakatozwa faini. Mwaka 2021 yalipopimwa manjano ya masokoni, haikuonekana hata sampuli moja yenye risasi.

Iko pia sumu isiyotiwa na mkono wa mtu, bali na uzembe wake. Karanga za kuungia mboga, mahindi na hata pilipili, zikianikwa chini ya ardhi na kunyeshewa, au zikiwekwa kabla ya kukauka, huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumukuvu. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumu hiyo, na 20 kati yao walifariki. Mwenye kuanika juu ya turubai au kichanja, na mwenye kuchambua punje mbovu na kuzitupa, huokoa roho za watu asiowajua.

Msomaji asije akadhani kwamba kila kitu kilichoongezwa katika chakula ni ghushi. Tazama chumvi. Nchi za milimani zilizo mbali na bahari, kama hizi, udongo wake huwa na madini joto machache, na zamani rovu shingoni halikuwa jambo la ajabu. Ndiyo sababu chumvi hutiwa madini joto, kiasi cha makumi machache tu ya miligramu katika kilo nzima, nayo huwakinga akina mama na watoto walio tumboni. Yaliyotiwa humo yameandikwa juu ya mfuko. Mwenye kutia hakuficha, na alichotia kina manufaa. Mama wa nyumba aifunike chumvi hiyo vizuri, asiiache juani wala penye unyevu, maana madini hayo hupotea.

Khitma ilipokwisha nilirejea Nyakanazi, na njia nzima nilikuwa nikitafuta maneno. Nilimkuta kijana wangu, nikamwita kando, nikamwambia, "Mwanangu, mimi si askari wala hakimu. Niambie kilichomo katika madumu yale."

Akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Maalim, mizani yangu haipunji. Dumu langu ni lita ishirini kamili, wala sijawahi kumpunguzia mtu hata tone. Nakumbuka ulivyotufundisha Surat al-Mutaffifin." Nikamwambia, "Sikukuuliza kipimo. Nimekuuliza kilichomo." Akakiri kwamba kwa kila dumu moja la asali hutia dumu moja la sukari iliyochemshwa kwa maji. Akasema kwamba abiria hushindania bei hadi mwenye asali safi hawezi kupata faida, na kwamba jirani zake hufanya vivyo hivyo. Akaongeza kwa sauti ya chini, "Ningalijua kwamba ni za madrasa, Maalim, nisingalikuuzia."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Kijana huyu alijua kwamba asali yake haifai kwa mwalimu wake, lakini aliiona inafaa kwa msafiri asiyemjua. Nikajiuliza ni nani aliyemfundisha hivyo. Mimi nilimfundisha kuisoma sura ile kwa makharija sahihi, na akikosea harufu moja nilimrudisha nyuma. Lakini sikupata hata siku moja kumwekea mbele yake chupa ya asali au kibaba cha pilipili nikamwambia, "Na hii nayo ni mizani."

Kila mwalimu ajua kisa cha Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono wake katika lundo la nafaka, vidole vikagusa unyevu. Mwenye kuuza alieleza kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wao. Mvua haikuwa kosa la mtu yule. Kosa lake lilikuwa kuificha nafaka mbovu chini ya iliyo njema. Na Waislamu wa kale hawakuiacha hukumu hii vitabuni. Waliweka muhtasib wa kuyakagua masoko, na katika karne ya 12 ash-Shayzari wa Sham alimwandikia muhtasib kitabu kizima cha kumfunulia hila za wauzaji, zikiwamo za viungo na dawa. Kwetu leo kazi ya kuangalia usalama wa chakula iko kwa Shirika la Viwango Tanzania, tangu mwaka 2019. Lakini ofisi yoyote haiwezi kusimama juu ya kila meza ya njia panda.

Yule kijana alinirudishia fedha za chuo zote. Nami nilimwambia kwamba, akitaka, auze asali ya sukari akiitaja kwa jina lake na kwa bei yake, na asali safi kwa jina lake na bei yake, kisha amwachie Mola riziki. Hakuniahidi kitu, akanibusu mkono, nikapanda gari. Nilirudi nyumbani bila asali. Mikeka ya watoto haijanunuliwa, na walimu wenzangu nimewaeleza sababu.

Basi, ndugu wasomaji, kwanza, nunueni viungo vizima mtwange nyumbani kila iwezekanapo, na unga ung'aao kupita kiasi utilieni shaka. Pili, msijidanganye kwa majaribio ya njiti ya kiberiti au tone la asali katika maji, kwani hayathibitishi kitu. Wala asali kuganda si dalili ya ughushi, maana asali safi nayo huganda. Nunueni kwa mtu mnayemjua mzinga wake, na msimbane bei hadi mkamfungulia mlango wa hila. Tatu, asiyetimiza mwaka asipewe asali.

Na kwenu, walimu wenzangu: siku mtakapofika Surat al-Mutaffifin, wekeni mizani mkekani mbele ya watoto, na kando yake chupa ya asali. Mimi nimeanza, baada ya miaka mingi ya kuchelewa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kula kilicho halali na kuuza kilicho kweli. Amin.