Redio Iliyotoka Nzima

Kuna vitu ambavyo mtu huishi navyo hata akasahau kuwa navyo vina umri. Ndivyo ilivyokuwa redio ya Maalim, mzee mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja. Ilikuwa Blaupunkt ya Kijerumani, iliyofungwa katika Volkswagen ya mgongo wa kobe tangu gari hilo lilipotoka kiwandani mwaka 1963. Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa redio ya gari ya mwanzo barani Ulaya, mwaka 1932, nayo ilikuwa kubwa mno kuenea penye dashibodi. Hii ya Maalim ilikuwa ndogo: vifundo viwili, kioo chembamba cha masafa, na vibonyezo vyenye herufi.

M ilikuwa ya masafa ya kati na K ya masafa mafupi, kwa Kijerumani. Watoto wa Maalim hawakuijua lugha hiyo. Kwao M ilikuwa Mjini, kwani hapo ndipo iliposikika stesheni ya Unguja, iliyoanza kutangaza mwaka 1951. K ilikuwa Kairo, kwani hapo ndipo zilipoingia usiku sauti za mbali. Mama yao alipenda kukaa kiti cha mbele, gari limesimama Forodhani, akasubiri taarabu. Tafsiri ile haikuwa sahihi, lakini haikumpoteza mtu njia.

Mama huyo alikwisha tangulia mbele ya haki. Macho ya Maalim nayo yakafifia, ikabidi gari liuzwe. Sharti lake lilikuwa moja: redio ataitoa, abaki nayo.

Mnunuzi, kijana fundi, alikuja na redio mpya na msumeno wa chuma.

"Shikamoo, Maalim. Hapa tutakata kidogo tu."

"Marahaba, mwanangu. Kidogo hicho utakirudisha vipi?"

Kijana akanyamaza. Redio za kisasa zimepimwa kwa tundu la takriban milimita 180 kwa 50, na dashibodi ya gari lile ni bati la mwili wenyewe wa gari, halina kipande cha kubadilisha. Kisha umeme wake ni wa volti 6, ilhali redio mpya inataka 12. Msumeno ungeharibu sura, na sauti isingepatikana.

"Mimi nilisomesha mashairi," alisema Maalim. "Mtunzi akikosa neno, hutafuta jingine lenye mizani ileile. Haukati mstari. Ziko redio mpya zinazoundwa kwa tundu za kale. Itafute hiyo."

Wakaanza kazi. Betri ya gari lile hukaa chini ya kiti cha nyuma. Kijana akaifungua kwanza, ili waya zisije zikagusana. Akavivuta vifundo taratibu, akafungua nati mbili zilizojificha nyuma yake. Mtu asiyejua huivuta redio kwa mbele, akapinda bati. Njia yake ni kwenye buti, ambalo kwa gari hili liko mbele: huondolewa ubao wa karatasi ngumu, na hapo mgongo wa dashibodi ukaonekana wote. Kila waya aliyoichomoa, ya umeme, ya spika, ya antena, Maalim alimtaka aifunge kitambaa na kuiandika.

"Na usiiwashe hata siku moja bila ya spika," alimwonya. "Itaungua."

Redio ikatoka kwa nyuma, nzima, ina vumbi na kutu ya chumvi ya bahari. Pale ilipokuwa imekaa, rangi ya gari ilionekana kama ilivyokuwa mwaka 1963: buluu iliyokolea, ambayo jua halikuwahi kuigusa. Penginepo pote ilikuwa imepauka. Maalim akainama karibu sana, kwa yale macho yake, akaitazama muda mrefu. Kisha akaishika redio mikononi. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, tena bubu. Bila ya waya zake na spika yake, M haikuwa Mjini wala K haikuwa Kairo.

Akaomba kanga kuukuu iliyokuwa ndani. Akaizonga redio, akatia vifundo na nati katika kijifuko, akavitua vyote ndani ya buti.

"Si ulisema utabaki nayo, Maalim?"

"Nilisema. Nilidhani ni yangu. Kumbe ni ya gari."

Kijana akauchukua msumeno wake, akaurudisha katika mkoba. Akafunga tena betri, akawasha gari, akaondoka polepole kuelekea Darajani. Dashibodini mlikuwa na tundu moja jembamba na matundu mawili madogo ya mviringo, yaleyale aliyoyaacha fundi wa kwanza, yakingoja.