Pini ya Kofia

Pambo huvaliwa kwa ajili ya macho, na silaha hushikwa kwa ajili ya adui. Ni nadra mambo mawili haya kukutana katika kitu kimoja. Lakini yalikutana katika pini ya kofia.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wanawake wa Ulaya na Marekani walivaa kofia pana juu ya nywele zilizofungwa fundo kubwa. Kofia ya namna hiyo haikuweza kutulia kichwani kwa uzito wake tu. Ilichomwa pini ndefu ya chuma, ikapenya kofia na nywele, ikatokeza upande wa pili. Kichwa cha pini kilikuwa urembo. Ncha yake ilikuwa sindano.

Zama hizo wanawake wengi walianza kutoka peke yao kwenda kazini na madukani, wakipanda magari ya abiria pamoja na wanaume wasiowajua. Baadhi ya wanaume hao walikosa adabu. Mwaka 1903 binti mmoja wa Kansas, Leoti Blaker, alikuwa akisafiri katika gari la farasi mjini New York. Mzee aliyevaa vizuri alimsogelea, akazidi kumsogelea, hata akaupitisha mkono mgongoni mwake. Leoti alichomoa pini akamchoma mkononi. Mzee alipiga ukelele, akashuka kituo kilichofuata.

Habari za namna hii zilipozidi, wakubwa wa miji waliingiwa na hofu. Mwaka 1910 halmashauri ya mji wa Chicago ilipiga marufuku pini zilizozidi inchi 9, na faini iliweza kufika dola 50. Haikuwa hofu tupu, maana ncha zilizojitokeza ziliwakwaruza wasio na hatia katika msongamano. Lakini wanawake waliopinga walikuwa na hoja nzito: ikiwa pini ilipimwa, mkono ulioifanya ichomolewe ulipimwa na nani?

Vita vya 1914 hadi 1918, na nywele fupi zilizofuata, viliziondoa kofia pana, na pini ikaenda nazo. Jambo lililoipa kazi ya pili halikwenda. Mnyonge hapendi kuchoma. Hupenda kupita njia yake salama. Mji utakao kufupisha pini ya mwanamke hauna budi kuanza kwa kuufupisha mkono wa mwanamume asiye na haya.